Gauni la Mwenzio

Watu waliohamia mbali na kwao wana tabia moja. Baridi ikiingia hujifungia ndani kama kuku wenye mafua, na joto likirudi hutoka wote kwa pamoja kama kumbikumbi, wakaalikana mpaka wachokane. Majira ya joto ya mwaka ule hakuna Jumapili iliyopita bure. Leo nyama za kuchoma bustanini, wiki ijayo mtoto wa fulani katimiza mwaka, wiki nyingine muziki kwenye ule ukumbi ulio juu ya gereji, ambako ukicheza sana fundi wa chini anagonga dari kwa spana.

Na kila shughuli ilikuwa na Shangazi. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Siku za kazi alifua mashuka ya hospitali, na Jumapili alifua watu. Kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, lakini wote walimwita hivyo, maana ukimwita vingine haitikii.

Huyo mmoja wa damu alikuwa kijana wa kutengeneza lifti za majengo marefu, na kila mtu alimwita Lifti. Mrefu, mpole, mwenye kucha safi kuliko kazi yake. Ukimuuliza jambo alikuwa anaanza kwanza kulifikiria, kitu ambacho wanaume wengi huona ni kupoteza muda.

Wa pili katika hadithi hii ni mshonaji. Alifanya kazi kwenye duka la kurekebisha nguo, chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Waliomwita Sindano walisema ni kwa ajili ya wembamba; waliowahi kugombana naye walijua ni kwa ajili ya ulimi. Alishaolewa huko nyuma akaachika, na tangu siku hiyo kila aliyemuuliza habari za mapenzi alijibiwa kwamba moyo umefungwa kwa matengenezo.

Basi matengenezo yakaisha, mwenyewe hana habari.

Ilikuwa siku ya ziwani. Shangazi aliwapanga watu wawili wawili kwenye vile vijiboti vya kukanyaga kwa miguu. "Wewe mwembamba, panda na huyu mrefu," aliamuru. "Wengine mtanizamishia watoto wa watu." Wakaingia, wakakanyaga, wakafika katikati ya maji, kijiboti kikaanza kuzunguka palepale kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Kanyaga basi," Sindano alisema. "Mbona niko peke yangu kama niko kwenye cherehani?"

"Nakanyaga."

"Unakanyaga nini, na tunazunguka tu?"

"Labda sitaki kufika."

Alilisema huku anatazama maji, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Sindano, aliyekuwa na jibu kwa kila kiumbe chenye masikio, akainamisha kichwa. Akajifanya anafunga kiatu. Na alikuwa amevaa ndala.

Baada ya hapo wakawa wanatafutana bila kutafutana. Akikaa huyu kwenye jamvi, yule naye anakumbuka kwamba amechoka kusimama. Wakicheka watu wote, wao wawili hutazamana kwanza, ndipo wacheke. Muuguzi aliyepanga chumba kimoja na Sindano alikuwa anarudi zamu na kumkuta mwenzake anaimba huku anaosha sufuria safi.

"Unajua lakini," muuguzi alimwambia siku moja.

"Najua."

"Unajua kabisa?"

"Nimekwambia najua. Niache nioshe."

Alichokijua kilijulikana na wote. Lifti alikuwa na mchumba nyumbani. Baba yake alifariki yeye akiwa bado na kaptula, na jirani mmoja akamchukua, akamlisha, akamvisha, akampeleka chuo cha ufundi pamoja na watoto wake. Mzee yule alikuwa na binti. Wazee wakaongea na mama yake Lifti, neno likatolewa, likapokelewa. Mwisho wa majira haya ya joto binti angekuja, na harusi ingefungwa hukuhuku, kwa kuwa Lifti hakupewa likizo ya kurudi.

Kwa hiyo yeye na Sindano hawakuambiana neno. Wangeambiana nini?

Kisha Shangazi, bila kujua au kwa kujua, maana kwa Shangazi hujui, akamwita Sindano mbele ya watu wote bustanini.

"Gauni la mkwe wangu utashona wewe."

"Shangazi, maduka yamejaa magauni."

"Maduka hayo yanauza magauni ya watu wasio na makalio. Nimeshasema, utashona wewe. Kwanza vipimo hivi hapa, nimetumiwa kwenye simu."

Lifti alikuwa kwenye jiko anageuza nyama. Nyama ile iliungua upande mmoja mpaka ikaliwa kwa heshima tu.

Vipimo alivyotumiwa, Sindano aliposoma, alikaa chini. Kifua, kiuno, urefu wa mgongo, vyote vilikuwa kama vya kwake. Na pale dukani sanamu la kujaribishia nguo lilikuwa limevunjika mguu, mwenye duka anaahidi jingine tangu zamani. Mama aliyemfundisha kushona alikuwa na sheria moja aliyowaapisha nayo wanafunzi wake: nguo ya mteja usiivae wewe, hata kidogo, kwa sababu mwili una wivu. Sindano aliikumbuka sheria. Gauni lilipoanza kupata umbo, akafunga pazia, akalivaa.

Mchana mmoja alikuwa mbele ya kioo, pini zimemzunguka kiunoni, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Lifti na mfuko mkononi. Akasimama kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa.

"Samahani. Shangazi kanituma nilete lesi."

"Weka hapo."

Hakuweka. Macho yake yalianza miguuni kwa Sindano yakapanda polepole, na yalipofika usoni yakakaa hapo, hayakuwa na safari nyingine.

"Linakukaa," alisema.

"Linamkaa mwenyewe. Mimi ni msumari tu wa kulitundikia."

"Wewe si msumari."

"Lifti, weka hiyo lesi uende."

Akaiweka juu ya cherehani, akaenda. Na tangu siku hiyo Sindano akawa analijaribu gauni mara nyingi kuliko gauni lenyewe lilivyohitaji.

Binti akafika. Sindano alikuwa amejiandaa kumchukia. Aliiandaa ile chuki vizuri, akaipika, akaifunika, na binti, alipoingia dukani pamoja na Shangazi, akamharibia chakula chote. Alikuwa na macho makubwa na sauti ndogo, na alijicheka mwenyewe kabla watu hawajapata nafasi. Mkobani alitoa kitambaa cha kichwa, kizuri, cha hariri.

"Hiki chako, dada. Shangazi aliniambia unanishonea bila kunijua. Nikasema basi huyo ni ndugu."

"Asante," Sindano alisema, akakiweka juu ya cherehani asikitazame.

Akamvisha. Kiuno kikakaa. Kifua kikakaa. Urefu ukagusa sakafu pale ulipotakiwa kugusa. Lakini bega la kushoto likagoma. Nguo ilijikunja kuanzia shingoni mpaka kwapani, ikaning'inia. Sindano akabana pini, ikanyooka, binti akapumua, ikarudi palepale. Akabana tena. Ilikuwa kama gauni linainama kumsikiliza mtu mwingine.

"Ni mimi huyu," binti alisema kwa aibu. "Tangu shule nabeba begi upande mmoja, mama alikuwa ananisema. Samahani dada, nimekuharibia kazi yako."

Shangazi alikuwa kwenye kiti cha wateja na pakiti ya biskuti mapajani. Akaacha kutafuna. Aliliangalia bega la binti, lililokuwa sawa kama rafu. Akamwangalia Sindano, aliyesimama na pini mdomoni. Akaliangalia tena gauni.

"Mwanangu, vaa nguo zako," alimwambia binti. "Vuka hapo mbele, kuna duka la viatu. Jaribu vile vyeupe. Nakuja sasa hivi."

Binti alipotoka, Shangazi akainuka.

"Simama."

"Si nimesimama?"

"Simama kama mtu, si kama mwizi." Akamwekea mikono yote miwili mabegani. Ilikuwa mizito na ya moto, mikono ya mashuka. "La kushoto liko chini."

"Ni la pasi, Shangazi. Mkono huu nabania, huu navutia. Miaka yote hiyo."

"Najua ni la pasi. Na gauni nalo limepiga pasi miaka mingapi?"

Sindano akatoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kile kimto cha mkononi. Zilikuwa chache kuliko alivyotamani.

"Sikukusudia."

"Ungekusudia ningekuzaba kofi. Mmefanya nini nyinyi wawili?"

"Hatujafanya kitu. Hata kusema hatujasema."

"Hilo ndilo baya," Shangazi alisema, akaketi tena, kiti kikalalamika. "Mtu akifanya kosa anaomba msamaha analala. Lile ambalo halikufanyika linakaa nawe mezani mpaka uzeeni."

"Simfai kwa sababu niliachika?"

Shangazi alizungusha biskuti vidoleni. "Mama yake Lifti angelisema hilo, nisikudanganye. Na mimi ningemwambia amekosea, na tungenuniana mwaka. Lakini si hilo. Wewe ulifika wenzio wameshaketi, mwanangu. Yule mzee alimpa mtoto wa kaka yangu sahani kabla hajamjua jina vizuri. Nyumba uliyolia chakula, mlango wake huwezi kuupiga teke hivihivi."

"Naelewa."

"Huelewi, ungeelewa usingeshona bega lako. Sasa nisikilize. Lifti anakuja kuchukua koti lake la harusi ulilomrekebishia. Mimi naenda kwenye viatu, na miguu hii ikiingia duka la viatu haitoki upesi. Ongeeni. Akitoka humu akaniambia harusi hakuna, simu ya nyumbani nitapiga mimi, nitatukanwa mimi, nimeshazoea. Akitoka kanyamaza, bega hilo nilikute limekaa."

Akaondoka, akaacha biskuti. Kwa Shangazi kuacha biskuti ni kama mtu mwingine kuacha wosia.

Lifti alikuja na nguo za kazi. Alipoliona gauni limetundikwa na pini zimejaa upande mmoja, akauliza, "Lina nini?"

"Halimkai."

"Si vipimo ni vyake?"

"Vipimo vyake. Bega langu."

Alilifikiria, kama alivyolifikiria kila jambo. Lilipomwingia, akakaa polepole kwenye kiti cha wateja na kuweka mikono katikati ya magoti.

"Shangazi kaona," Sindano alisema. "Amesema ukitaka harusi isiwepo, simu atapiga yeye."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake, na biskuti ndani."

Lifti akataka kucheka, kicheko kikafia njiani. Nje magari yalikuwa yanapita. Mtu mmoja akasimama dirishani, akasoma bei ya kupunguza suruali, akaenda zake.

"Niambie nisioe," Lifti alisema. "Neno moja tu. Ukiniambia, sioi."

Neno lilikuwapo. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wa Sindano tangu ziwani, limeiva, halina haja hata ya kumezewa mate. Akalitazama, kama mtu anavyotazama kitu dirishani pa duka, akijua bei yake.

"Wewe kweli lifti," alisema. "Umesimama hapo unasubiri ubonyezwe."

"Si haki kuniambia hivyo."

"Mama yako alibonyeza, ukapanda. Mzee akabonyeza, ukashuka. Leo unataka nibonyeze mimi. Halafu siku tutakapogombana kwa ajili ya chumvi, utaniambia ni mimi niliyekutoa kwenye nyumba ya watu." Sauti ilianza kumtoroka, akaikamata. "Sema wewe. Ukilisema kwa mdomo wako, nalifunga hili duka sasa hivi, na dunia nzima inisute mpaka ichoke. Lakini useme wewe."

Lifti akanyanyua uso. Midomo ikaachana. Sindano aliona neno linakuja, aliliona kabisa, kama unavyomwona mgeni wako anashuka mbali barabarani, na moyo wake ukaanza kuandaa mambo ambayo haukutumwa.

Ng'ambo ya barabara mlango wa duka la viatu ukafunguka. Binti akatoka, mguu mmoja na kiatu cheupe, mwingine na ndala yake, akaanza kutembea njiani kwenda na kurudi kujaribu kisigino, anapepesuka, anacheka, Shangazi kamshikia mlango. Watu waliopita walitabasamu.

Lifti alimtazama muda mrefu.

"Nilimfundisha baiskeli," alisema. "Nyuma ya nyumba yao. Alikuwa hataki nimwachie. Kila nikimwachia anageuka kuangalia kama bado nimeshika."

Sindano akangoja maneno yanayofuata. Akangoja tena. Ndipo akaelewa kwamba hayakuwapo mengine, ndiyo hayo.

"Vaa koti," alisema.

Akavaa. Sindano akamvuta mikono ya koti, akampangusa nyuzi mgongoni, akazunguka mbele. Akafunga kifungo cha kati, akakifungua, akakifunga tena. Mkono wake ukabaki kifuani pake muda mrefu kidogo kuliko kazi inavyotaka, na chini ya kitambaa moyo ulikuwa unagonga kama fundi wa gereji na spana yake.

"Nilikupenda ziwani," Lifti alisema, chini sana.

"Hayo yalikuwa ya kusema ziwani. Inua mkono. Haya, liko sawa. Nenda."

Alienda. Hakugeuka, na hilo Sindano alimshukuru baadaye. Wakati ule alimlaani.

Binti aliporudi alipandishwa tena juu ya kigoda. Sindano alifumua bega lote, uzi kwa uzi, akalishona upya hapohapo mwilini mwa mwenyewe, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Shangazi alikaa pembeni akimshikia pini, hata biskuti hakuzigusa.

"Dada, macho yako mekundu."

"Vumbi la kitambaa. Usitikisike."

Binti akatulia kidogo. "Nikuulize. Wewe umekuwa naye majira yote haya. Mimi namjua wa zamani tu, wa kaptula. Siku hizi anapenda nini?"

Sindano akapitisha uzi, akauvuta. Angeweza kusema sijui. Lilikuwa jibu rahisi na hakuna ambaye angemdai jingine.

"Asubuhi usimharakishe," alisema. "Chai hanywi ya moto, anaiacha mpaka unadhani kaisahau, usiimwage. Akichekeshwa sana hufunika mdomo, ana jino analionea haya. Ukimuuliza jambo mpe muda, usimjibie. Na asipojibu kabisa, ujue amekwisha jibu."

"Asante, dada," binti alisema, na akashika mkono uliokuwa na sindano, akaubana.

Siku ya harusi gauni lilimkaa binti kama lilimwotea mwilini. Ukumbi wa juu ya gereji ulipambwa mpaka ukajisahau. Mama yake Lifti alikuwapo kwenye simu, wamemwegemeza kwenye chombo cha maua mezani, na kila baada ya muda sauti yake ilisikika ikisema haoni kitu ila majani. Watu wakauliza gauni kashona nani, wakaonyeshwa Sindano, naye akawatania wote: huyu akamwambia na yeye aoe upesi kabla koti halijakataa kufunga, yule akamwambia acheze taratibu, mshono wa nyuma haukushonwa kwa matumaini makubwa. Muuguzi, aliyekuwa anamjua, hakucheka hata mara moja.

Bwana na bibi harusi wakaingia katikati kucheza. Juu ya kichwa cha mkewe, Lifti akainua macho, yakaanza kutafuta: kwenye meza, kwenye mlango, kwenye ukuta. Yakamkuta. Wakatazamana kama siku zile, ila safari hii hakuna aliyecheka baadaye. Kisha bibi harusi akapepesuka kwa kile kisigino, na Lifti akainamisha macho amshike. Hakuyainua tena.

Sindano alijikuta nyuma, penye viti vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja. Shangazi akamfuata na sahani.

"Umekula?"

"Nimeshiba."

"Muongo."

"Shangazi," Sindano alisema, "nikilia hapa watu watasema nini?"

"Watasema mengi, hawana kazi. Teremsha hicho kiti ukae."

Akakaa. Shangazi akaweka sahani chini, akampa mgongo, akageukia ukumbi mzima. Akaikamata sketi yake kubwa pande zote mbili kwa vidole, akaitandaza kama mtu anayeipunga kwa joto, na nyuma yake hapakuonekana mtu wala kiti.

"Mwili huu watu wameucheka sana," alisema bila kugeuka. "Haya, lia."

Sindano akalia. Alilia akiwa ameziba mdomo kwa kile kitambaa cha hariri, paji la uso limegusa mgongo wa Shangazi, na mgongo ule ulisimama hausogei.

Mpiga picha akaja anakimbia. "Shangazi, bibi harusi anataka picha na fundi wake. Sindano yuko wapi?"

"Ana kazi kidogo. Mwambie atakuja." Kisha akapaza ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Na wewe wa muziki, umelala? Ongeza sauti hapo. Ongeza, nimesema."